Nta Kwenye Mwanya

Shemeji yangu, kaka wa marehemu mume wangu, watu walimwita Mluzi, na sidhani kama kuna mtoto hapa kijijini aliyejua kuwa ana jina jingine. Alikuwa akichunga ng'ombe wa nyumba zote za upande wetu. Asubuhi kila mwenye ng'ombe anamtoa wake mpaka njia panda, yeye anawakusanya na kushuka nao bondeni, na jioni anawarudisha pale pale. Hakuwa na tabia ya kuwapeleka nyumba kwa nyumba. Alipanda juu ya kichuguu, akaegemea fimbo yake, akapiga mluzi wa nyumba moja, na ng'ombe wa nyumba hiyo wakajitoa kundini wakashika njia ya kwao. Kisha anapiga wa nyumba nyingine. Kila nyumba ilikuwa na wake. Wa kwetu ulikuwa na milio miwili mifupi na mmoja mrefu unaoshuka mwishoni, kama mtu anayepumua akishatua mzigo.

Wanawake tulipika kwa mluzi huo. Wa Mama Maziwa, jirani yangu anayekusanya maziwa ya mtaa mzima na kuyapeleka barabarani kwa baiskeli, ndio uliokuwa wa kwanza, kwa sababu ng'ombe wake ndiye aliyeongoza kundi. Nikiusikia huo nainuka kuwasha moto. Wa kwetu ukifika, maji yameshachemka.

Hakutia vidole mdomoni kama wengine. Alikuwa na mwanya kati ya meno mawili ya mbele ya juu, mwanya mzuri hasa, na ulimi aliuweka nyuma yake tu, basi, sauti ikatoka mpaka ng'ambo ya mto. Mke wake alipokuwa hai tulikuwa tukimtania kuwa aliolewa na mwanya, mwanamume mwenyewe alikuja kama nyongeza. Yeye mke anajibu, "Na nyongeza yenyewe inakula sana."

Alipofariki yule dada, shemeji alihamia chumba cha uani kwangu, maana nyumba yake ilimshinda. Kula alikula kwa kunifurahisha tu. Kusema alisema akiulizwa. Kilichomwinua kitandani kilikuwa ng'ombe peke yao. Aliniambia siku moja, bila kunitazama, "Shemeji, wale wanyama wakinikosa watapiga kelele. Wewe ukinikosa utanuna tu." Nilicheka, lakini baadaye katika sala zangu nilirudia kumwomba Mungu jambo moja: asije akaamka siku akakuta hana wa kumwita.

Sasa, wachungaji wana mchezo mmoja mbaya. Fundo la kamba likilowa linavimba, vidole haviliwezi, wao wanalifungua kwa meno. Niliwahi kumkanya. Akaniambia Mungu hakumpa meno kwa ajili ya kucheka tu.

Ilikuwa asubuhi ya mvua. Ng'ombe wangu mwenyewe, yule mwenye baka jeupe begani, alikuwa amejizungushia kamba kwenye nguzo ya zizi mpaka shingo imebanwa na macho yamemtoka. Shemeji akainama, akalikamata fundo kwa meno, akavuta. Fundo lilikubali, na ng'ombe aliposikia kamba imelegea akatupa kichwa juu kwa nguvu. Nikasikia kitu kama kokoto inayovunjika. Shemeji akasimama ameshika mdomo, damu inapita kati ya vidole.

"Nionyeshe."

"Aa-aa. Mpe maji huyu kwanza."

"Nimesema nionyeshe, shemeji. Huyu hana meno ya mbele ya juu tangu azaliwe, wala halalamiki."

Akacheka, na kucheka kule kukamuumiza, akafungua mdomo. Jino moja kati ya yale mawili lilikuwa limekatika pembe, upande wa mwanya. Si sehemu kubwa. Kipande chenyewe nilikiokota kwenye tope, kidogo kama punje ya mchele, nikakiosha, sijui kwa nini.

Nilimchemshia maji ya chumvi, akasukutua mpaka damu ikakata. Nikamsagia karafuu, nikamwambia abandike hapo kwa pamba. Nikampa uji uliopoa. Yote hayo aliyakubali kama mtoto, kisha akachukua fimbo akaondoka na kundi, na jioni mluzi ulikuja, nikasema asante Mungu, limepita.

Halikupita. Jino lenyewe halikuuma likiachwa, ila hewa ya baridi ikilipiga aliruka kama aliyechomwa sindano. Na kupiga mluzi ni nini kama si kupitisha hewa hapo hapo? Kila jioni nikitoka nje nilimwona kwa mbali juu ya kichuguu, anapiga mmoja, anafumba macho, anangoja, anapiga mwingine. Akirudi nyumbani mashavu yana alama za machozi, anasema ni vumbi. Vumbi, na mvua inanyesha.

Nikamwambia aende zahanati. Hapa zahanati ya karibu wana jambo moja tu wanalolijua kwenye meno: kung'oa. Kuziba kunafanyika hospitali kubwa, huko kwa kulala safarini, na ng'ombe hawalali safarini na wewe.

"Waling'oe basi, upumzike."

"Wakiling'oa, hawa ng'ombe nitawapigia simu?"

"Utawaita kwa mdomo, kama watu."

"Shemeji," akasema taratibu, "hawanijui kwa mdomo."

Akajitibu mwenyewe. Alikuwa na donge la nta alilokuwa akipakia uzi anaposhona mikanda ya ng'ombe. Alikata kipande, akakikanda kwa vidole mpaka kikalainika, akakausha jino kwa kitambaa, akakibandika. Nta ikaziba palipokatika na kujaza mwanya. Akavuta hewa kwa uangalifu, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole cha mguu. Akavuta tena kwa nguvu. Uso ukafunguka.

"Haiumi?"

"Haiumi." Akakaa chini pale pale jikoni, akaomba chakula, na nilikuwa sijamsikia akiomba chakula tangu amzike mke wake.

Furaha hiyo ilidumu mpaka jioni. Nilikuwa nimekaa na Mama Maziwa tunachambua mboga, tukasikia kundi limefika njia panda, kengele zinalia, halafu kimya. Kisha sauti moja nyembamba, kama birika linapoanza kuchemka.

"Nani huyo anapuliza chai?" akauliza Mama Maziwa.

Ng'ombe hawakwenda. Walisimama wamechanganyika, wanageuza masikio. Watu wakaanza kutoka nje na kucheka. Mmoja akapaza sauti, "Mluzi, leo betri zimeisha?" Nikamwona anainama, anatia kidole mdomoni, anaitoa nta, anaibandika kwenye kichwa cha fimbo yake. Akapiga. Mluzi ukatoka ule ule, na ng'ombe wa Mama Maziwa akainua kichwa akajitoa mbele, mwendo wa maringo, ndiyo maana walimwita Bibi Harusi. Wakafuata wengine. Shemeji alipomaliza nyumba zote alikaa chini kwenye kichuguu na kujifunika mdomo kwa kofia.

Ikawa ndio mtindo wake. Mchana kutwa nta imo mdomoni, jioni anaitoa, anawaita ng'ombe, anairudisha. Kile kidonge cha nta kikawa cheusi kwa kubandikwa kwenye fimbo. Nikimpa maji ya moto ya kukisuuzia anasema kitayeyuka. Nikimkanda kwa maneno anasema, "Ni jino moja tu, shemeji, si kifo." Nami nilijua anasema kweli, ni jino moja tu, kitu cha kuonea aibu hata kukitaja mbele ya watu wenye magonjwa. Lakini nilikuwa nikimwona anavyoitazama jioni inapokaribia. Aliipenda jioni zamani. Sasa aliitazama kama mtoto anavyomtazama mwenye sindano.

Mvua zikazidi. Ufizi ukavimba, mdomo wa juu ukainuka upande mmoja. Nilimsukutulisha chumvi asubuhi na jioni, nikamwekea kitambaa cha maji ya baridi shavuni. Mama Maziwa alileta majani fulani ya kutafuna, shemeji akayatafuna upande wa pili kwa heshima tu.

"Mluzi, nenda kang'oe," akamwambia. "Mimi nimezaa watoto, nakwambia kung'oa jino si kitu."

"Na Bibi Harusi nani atamwita?"

"Bibi Harusi ana tumbo. Tumbo litamleta."

"Tumbo lake ndilo linalompeleka kwenye matete, dada. Mluzi ndio unaomtoa."

Hilo lilikuwa kweli. Chini bondeni, ng'ambo ya malisho, kuna kinamasi chenye matete mabichi mwaka mzima. Ukame au mvua, kijani hakikatiki pale. Ng'ombe wakishiba wanapanda, wakiwa na tamaa wanashuka huko. Shemeji hakuwa na mbwa wala hakuwa mtu wa kupiga mawe. Akimwona mmoja anasogea huko, anampigia mluzi wake, mnyama anageuka.

Basi siku moja alitoka na uso umevimba mpaka jicho moja limefinywa. Nilimsihi abaki, nikasema nitamwomba mtu achunge siku moja. Akasema ng'ombe hawamjui huyo mtu. Mvua nyembamba ilikuwa ikinyesha na upepo wa baridi. Baadaye ndipo aliponieleza yalivyokuwa, na alinieleza mara moja tu.

Bibi Harusi alijitenga akaelekea kwenye matete. Shemeji alimwona mapema. Mkono ukaenda mdomoni kutoa nta, na upepo ukavuma, akafikiri jinsi utakavyoingia pale. Akasema moyoni, leo tu, atanielewa. Akapiga na nta yake mdomoni. Ikatoka ile sauti ya birika. Ng'ombe aliinua kichwa, akamtazama. Aliniambia, "Alinitazama kabisa, shemeji. Akaona ni mtu mwingine." Akainamisha kichwa akaendelea. Hapo shemeji akaitoa nta, akaitupa, lakini maumivu yalimpanda kichwani kwa ghafla mdomo ukakataa kukaza, na alipopata sauti mguu wa mbele wa ng'ombe ulikuwa umeshazama mpaka gotini.

Alikimbia kuja kutuita. Wanaume walishuka na kamba na mbao, na sisi wanawake tukafuata. Bibi Harusi alikuwa amezama mpaka tumboni, anapumua kwa kelele. Walivuta. Shemeji aliingia kwenye tope, akamshika pembe, akamsemesha sikioni. Ng'ombe alipotoka, alitoka na mguu umevunjika, unaning'inia. Mama Maziwa akavua kanga ya mabegani, akamfunika ng'ombe wake macho, akaenda kusimama mbali akitupa mgongo, mpaka walipomaliza kumchinja.

Jioni ile ng'ombe hawakuitwa. Kila mtu alishuka akamsaka wake kwa kamba.

Mama Maziwa hakumtukana shemeji. Ingekuwa afadhali. Alipita kwangu kesho yake, mikono mitupu, hana maziwa ya kubeba, akamkuta amekaa mlangoni kwake. "Pole na jino," akamwambia. Basi. Shemeji akajibu, "Pole na ng'ombe," wakabaki wanatazama chini wote wawili kama watu waliofiwa na mtu mmoja.

Wenye ng'ombe wakakutana kwenye baraza ya duka la mwenyekiti. Nilikwenda, maana na mimi nina ng'ombe. Shemeji hakuja. Mwenyekiti alisema kwa upole kwamba mtu akiumwa apumzishwe, na kwamba yupo mwanamume aliyewahi kuchunga katika shamba kubwa, ana mbwa wake, yuko tayari kuanza. Mtu mmoja akauliza, "Na Mluzi je?" Mwenyekiti akasema, "Si amekataa kung'oa jino? Tufanyeje?" Wote wakamgeukia Mama Maziwa, mwenye hasara. Akasema yeye hana neno, hana hata ng'ombe wa kumsemea. Nikasimama mimi. Nikasema nawaomba wamngoje, nitampeleka akang'olewe, akipona atarudi. Mwenyekiti akaniuliza, tena bila ubaya, "Akishang'oa, dada yetu, ataweza huo mluzi?"

Nikakaa.

Niliporudi nilikuta chumba kimefungwa. Alikuwa amekwenda zahanati peke yake, kwa miguu, bila kuniambia. Alirejea jua likishuka, pamba mdomoni, kola ya shati ina damu. Alikuwa amelichukua lile jino, amelifunga kwenye karatasi. Sikumwambia ya barazani, lakini nadhani aliyasoma usoni kwangu, kwa sababu hakuuliza lolote. Alisema tu, pamba ikimzuia, "Kweli si kitu. Mama Maziwa hakudanganya."

Akangoja kidonda kifunge. Alisukutua kwa bidii kuliko nilivyowahi kumwona, bila kukumbushwa. Kisha siku moja nikiwa jikoni nikasikia uani hewa inapita, fuu, fuu, kama mtu anayepuliza moto usiowaka. Sikutoka nje. Ikapita tena. Alijaribu kuweka ulimi huku na huku, alijaribu vidole, alijaribu hata kubandika nta mahali palipokuwa na jino. Fuu. Nilikoroga sufuria isiyokuwa na cha kukoroga mpaka aliponyamaza.

Mchungaji mpya tulimpata. Ana mbwa wawili na filimbi ya plastiki ya refa, kwa hiyo jina lake likapatikana siku ya kwanza. "Refa amefika," watu wanasema, "sasa tungoje kadi nyekundu." Si mtu mbaya. Anapuliza filimbi moja kwa ng'ombe wote, mbwa wanawasukuma mpaka njia panda, na hapo kila mtu aje na kamba achukue wake. Wanawake tunaacha vyungu motoni tunakwenda kusimama kwenye tope na kamba mikononi. Mimi nimeunguza chakula zaidi mwaka huu kuliko maisha yangu yote.

Ng'ombe wangu yule wa baka jeupe alikataa kuzoea. Filimbi ikilia anasimama mahali alipo, anageuza masikio kwenye kichuguu. Nikimvuta anavutika, lakini anaangalia nyuma. Shemeji alikuwa akikaa kwenye kigoda nje ya chumba chake, na jioni ikifika anahamisha kigoda na kukigeuza, uso uelekee ukutani. Chakula kikarudi kuwa cha kunifurahisha. Baadaye hata hicho kikaanza kubaki.

Basi jioni moja nikamwendea na chungu changu cha maneno nilichokuwa nimekibeba muda mrefu. Nikasema, "Shemeji, nifundishe."

"Nikufundishe nini?"

"Ule wa nyumba yetu."

Akanitazama kana kwamba nimemwomba anifundishe kupigana. Mama yangu alinilea kwamba msichana mwenye adabu hapigi mluzi, na nilimtii mpaka nimeota mvi. Nilikuwa nimeshaliweka jambo hilo mbele ya Mungu, nikaona hakulikasirikia.

"Huna mwanya," akasema.

"Na wewe sasa unao mkubwa kuliko wote, umekusaidia nini?"

Nikaogopa nimepita mpaka. Lakini kitu kikamcheza mdomoni, kidogo. Akasema, "Tumia mdomo wa chini. Ulimi chini. Chini, shemeji, usiupandishe kama unalamba asali. Sasa puliza kama unataka kuzima kibatari halafu unahurumia mafuta."

Nilitoa mate. Nilitoa upepo. Siku nyingi zilipita hivyo, mimi nimeinamia mlango wake huku nikichungulia kama kuna mtu anayepita, yeye anasahihisha kwa kidole hewani, kidole kinashuka mwishoni pale mluzi wetu unaposhuka. Ilikuwa mara ya kwanza nimwone anangoja kitu tena. Na sauti ikaja, siku nisiyoitegemea, nyembamba lakini iliyonyooka.

Siku ya pili yake nilikwenda njia panda bila kamba. Refa akapuliza, mbwa wakabweka, wanawake wakaingia kundini kuvutana. Mimi nikabaki pembeni. Mama Maziwa, aliyekuja kwa mazoea tu maana hana ng'ombe, akaniuliza kamba iko wapi. Nikaweka ulimi chini nikapiga: miwili mifupi, mmoja mrefu.

Yule ng'ombe aligeuka mwili mzima. Akawapita wenzake, akanipita na mimi, akashika njia ya nyumbani peke yake kwa mwendo wa haraka, kiwele kinayumba. Mama Maziwa akajishika kifua. Watu wengine wakapiga makofi. Mimi nikakimbia nyuma ya ng'ombe kama msichana, nataka nifike nione uso wa shemeji.

Alikuwa amesimama uani. Ng'ombe alikwenda moja kwa moja mpaka alipo, akanyoosha shingo, akamnusa mkono. Shemeji akaweka kiganja kwenye lile baka jeupe. Kisha akanitazama juu ya mgongo wa ng'ombe, na ile furaha niliyokuja nayo mbio ikanishuka miguuni. Alichukua kigoda chake, akaingia ndani, akafunga mlango.

Nilikamua peke yangu. Nilijiuliza kama nimemtendea wema au nimemnyang'anya kilichobaki, nikalipeleka hilo kwenye sala na nikatoka nalo.

Asubuhi nilimpelekea uji mlangoni. Nikabisha. Nikasema, "Shemeji, uji." Nikasikia kitanda kinalia, na sauti yake ikaja kutoka gizani, ya mtu ambaye hakulala.

"Ule mlio wa mwisho ulikatika mapema," akasema. "Uvute kidogo. Vinginevyo atadhani unamfukuza."

Nikauweka uji kizingitini, nikaenda kumfungua ng'ombe.